Leseni Moja, Kompyuta Ngapi? Ulinganisho wa Aina Nne za Leseni za Programu kwa Maduka na Ofisi za Tanga

Ipo steshenari moja Ngamiani, katika zile barabara zetu zinazoitwa kwa namba, yenye kompyuta tano: mbili za kuchapa, moja ya kuskani na kutoa nakala, moja ya kujaza fomu za mtandaoni, na ya tano ni kompyuta mpakato ya mwenye duka, ambayo jioni huibeba kwenda nayo nyumbani Makorora. Mwaka jana mwenye duka, mama wa makamo, alinunua Office (mkusanyiko wa Microsoft wenye Word na Excel), akaiweka kwenye kompyuta ya kwanza ikakubali, akaiweka kwenye ya pili ikakataa, ndipo akaniita.

“Mwanangu,” aliniambia nilipokwisha kumwamkia, “nimelipa hela yote taslimu, sikukopa hata shilingi. Mbona hii inakubali na ile inakataa? Kwani nimeuziwa nusu?”

Hakuwa ameuziwa nusu. Alichonunua ni ruhusa, na kila ruhusa ya programu ina kitu inachokihesabu: nyingine huhesabu mashine, nyingine huhesabu mtu, nyingine huhesabu ofisi au idadi ya wanaofanya kazi kwa wakati mmoja, na nyingine hazihesabu chochote. Wengi tunaingia dukani au mtandaoni tukiuliza bei kabla ya kuuliza hesabu, na humo ndimo fedha zinamopotelea. Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya mtu mwenye kompyuta zaidi ya moja ambaye bado hajalipa, au amelipa na anashangaa.

Vigezo na aina zinazolinganishwa

Nitazipima leseni kwa mambo matano. La kwanza ni kile kinachohesabiwa. La pili ni hatima ya leseni kompyuta inapokufa, kuibwa au kuuzwa. La tatu ni kiasi cha intaneti kinachohitajika ili programu iendelee kukutambua. La nne ni gharama ya miaka kadhaa, kwa kuwa bei ya siku ya kwanza haisemi yote. Na la tano ni iwapo leseni inaruhusu kazi ya kuingiza kipato, jambo ambalo wauzaji wetu hawalitaji mpaka waulizwe.

Zinazolinganishwa ni aina nne. Ipo leseni ya mashine, kama ile ya Windows inayokuja na kompyuta kutoka kiwandani, au Office inayonunuliwa mara moja kama Office 2021 na Office 2024. Ipo leseni ya mtu, inayolipiwa kwa mwezi au kwa mwaka na kufungwa kwenye akaunti ya barua pepe, kama Microsoft 365 na programu za usanifu za Adobe. Ipo leseni ya ofisi, ambayo hukaa kwenye seva, yaani kompyuta inayohudumia nyingine, au kwenye mtandao wa ndani na kugawiwa kwa kompyuta zilizounganishwa humo. Wahasibu wa mjini hapa wanaoifahamu TallyPrime, programu ya kuweka hesabu za biashara, ya daraja la Gold wanaijua vizuri. Na zipo programu huria, kama LibreOffice inayofanya kazi za Office, ambazo leseni yake ipo, ila haina kikomo cha idadi.

Kinachohesabiwa

Katika miaka ya 1980 kampuni ya Marekani iitwayo Borland, iliyouza Turbo Pascal, programu ya kuundia programu nyingine, iliandika leseni ambayo hadi leo sijaona nyingine iliyo rahisi kuieleza. Ilisema programu ichukuliwe kama kitabu: mtu yeyote anaweza kuitumia, na inaweza kuhamishwa kutoka kompyuta moja hadi nyingine, ilimradi pasiwepo uwezekano wa kutumika mahali pawili kwa wakati mmoja, kama vile kitabu kimoja kisivyoweza kusomwa na watu wawili katika nyumba mbili tofauti. Leseni za sasa hazina upole huo, lakini mfano wa kitabu unasaidia kuona zimebana wapi.

Leseni ya mashine ni kitabu kilichofungwa mnyororo kwenye meza. Yeyote atakayeketi mezani atasoma, hata wawe vijana watatu wa zamu tatu, na leseni inabaki moja. Lakini kitabu hakihami meza. Office ya kununua mara moja ni ya kompyuta moja, na hili ndilo lililomkuta mama wa steshenari. Kumbukumbu zake hazikuwa za uongo aliposisitiza kwamba zamani aliwahi kuweka Office moja kwenye mashine tatu, maana Office 2010 ya nyumbani na wanafunzi iliruhusu kompyuta tatu za kaya moja. Kikomo kilibadilika, jina la Office likabaki lile lile.

Leseni ya mtu ni kitabu anachotembea nacho msomaji mwenyewe. Anayelipia Microsoft 365 ya mtu mmoja anaweza kuiweka kwenye kompyuta na simu zake, na akawa ameingia kwenye vifaa 5 kwa wakati mmoja. Adobe inabana zaidi: mtu binafsi anaweza kupakua programu kwenye mashine nyingi, lakini zinazoamilishwa, yaani kuthibitishwa na kampuni ili zifanye kazi, ni 2 tu, na hairuhusiwi zote mbili kutumika kwa pamoja. Kinachowapotosha wengi ni ile Microsoft 365 ya familia, inayochukua hadi watu 6, kila mtu vifaa 5. Nimewaona wafanyabiashara wakipiga hesabu ya sita mara tano, wakapata 30, wakaona wamepata leseni ya duka zima kwa bei ya nyumba moja. Hesabu ni sahihi, ila bidhaa ni ya kaya. Nitalirudia hili kwenye kigezo cha tano.

Leseni ya ofisi ina sura zaidi ya moja, na inafaa kuziangalia kwa utulivu. Kwenye Tally, daraja la Silver ni la mtumiaji mmoja kwenye kompyuta moja, ilhali Gold inahudumia kompyuta zote zilizo kwenye mtandao mmoja wa ndani bila kuweka kikomo cha watumiaji. Kinachohesabiwa hapo ni mtandao wa ofisi. Programu nyingine za kihandisi huhesabu nafasi: ofisi hununua nafasi tatu, inaweka programu kwenye kompyuta kumi, na wa nne anayejaribu kuifungua huambiwa asubiri mmoja wa wale watatu afunge.

Halafu kuna seva za Windows, ambazo kwa kila anayeziingia zinadai leseni ya kuingilia, na mnunuzi huchagua mwenyewe kama ataihesabu kwa mtu au kwa kifaa. Uchaguzi huu mmoja unafundisha kanuni inayofaa kwa leseni zote. Chukua dawati la mapokezi la zahanati, kompyuta moja, wahudumu watatu wanaopokezana asubuhi, mchana na usiku: ukihesabu watu utalipia tatu, ukihesabu kifaa utalipia moja. Mchukue sasa mkaguzi mmoja mwenye kompyuta ya mezani, kompyuta mpakato na tableti: ukihesabu vifaa utalipia tatu, ukihesabu mtu utalipia moja. Kabla ya kununua, basi, hesabu watu wako, hesabu mashine zako, na utafute leseni inayohesabu kile ulicho nacho kichache.

Kwa programu huria sehemu hii ni fupi. LibreOffice ukiiweka kwenye kompyuta 1 au 100, ukampa jirani, ukainakili kwenye flashi na kuigawa shuleni, hujavunja neno lolote la leseni yake.

Kompyuta ikifa, ikiibwa au ikiuzwa

Mji wetu uko pwani, na wenye ofisi za upande wa Raskazone wanajua chumvi ya upepo inavyokula vyuma vya ndani ya kompyuta. Ongeza umeme unaorudi kwa kishindo baada ya kukatika, utaelewa kwa nini kigezo hiki nimekipa nafasi kubwa.

Windows ya kiwandani imefungwa kwenye mashine ya kwanza iliyokuja nayo, na kwa vitendo mashine maana yake ni ubao mama, lile bamba kuu la ndani linalounganisha sehemu zote. Ukibadilisha diski, ukiongeza kumbukumbu, leseni inabaki. Ubao mama ukiungua na fundi akakuwekea mwingine wa kuokoteza, leseni imekwenda nao. Kwa upande mwingine, leseni hiyo humfuata mnunuzi wa mashine, na hii ni habari njema kwa sisi tunaonunua kompyuta za mtumba. Kompyuta za kiwandani za enzi za Windows 7 na kurudi nyuma zilibandikwa kibandiko chenye namba ya leseni kwenye kasha lake. Kuanzia Windows 8 ya mwaka 2012, kompyuta za kampuni kubwa zilianza kuja na namba hiyo ikiwa imehifadhiwa ndani ya ubao mama wenyewe, na ndiyo maana ukiifuta Dell au HP ya mtumba na kuiwekea upya Windows ya toleo lile lile, mara nyingi hujiamilisha yenyewe inapoonja intaneti. Nimewahi kumkuta kijana ametozwa hela ya “kuwekewa leseni” kwenye mashine ambayo leseni yake ilikuwa ndani tangu ilipoundwa.

Windows iliyonunuliwa yenyewe kwa rejareja ni tofauti: inaweza kuhamishwa kwenye kompyuta nyingine, mradi iondolewe kwenye ya kwanza. Office ya kununua mara moja nayo ilipitia kisa chake. Office 2013 ilipotoka, masharti yake yaliifunga kwenye kompyuta ya kwanza moja kwa moja. Wateja wakalalamika, na Machi 2013 Microsoft ikalegeza, ikaruhusu kuhamisha, ila si zaidi ya mara moja kila baada ya siku 90 isipokuwa mashine imeharibika.

Leseni ya mtu ndiyo nyepesi kuliko zote kompyuta inapokufa. Unaingia kwenye akaunti yako ukiwa na kompyuta yoyote, unaitoa mashine iliyokufa au kuibwa kwenye orodha, unapakua programu kwenye mpya na kuendelea. Wepesi huo, hata hivyo, unategemea jambo moja: akaunti iwe yako. Katika ofisi moja ya kusafirisha mizigo niliitwa asubuhi ya mwisho wa mwezi, Word ikiwa na utepe mwekundu juu, hati zinafunguka na zinachapika, lakini herufi hata moja haiandikiki. Muda wa malipo ulikuwa umekwisha. Fedha za kulipia zilikuwepo, aliyetaka kulipa alikuwepo, akaunti haikujulikana ni ya nani. Tulipochunguza tukakuta fundi aliyeweka programu aliisajili kwa barua pepe yake mwenyewe, na hakuwa na nia mbaya, kwa kuwa siku ile hakuna mtu ofisini aliyekumbuka neno la siri la barua pepe ya ofisi. Naye alikwisha kuhama mji na kubadili namba ya simu. Ofisi ililipa upya, ikaanza upya kwa akaunti yake, na hati zilizokuwa zimehifadhiwa kwenye akaunti ya fundi zilisubiri mpaka alipopatikana wiki tatu baadaye.

Kwenye leseni ya ofisi, kufa kwa kompyuta ya kawaida si tatizo, kwa kuwa leseni haikuwa humo. Tatizo ni pale inapokufa ile inayoishikilia. Tally ina utaratibu wa kuirudisha leseni kabla ya kuihamishia kwenye mashine nyingine, na unapoiamilisha upya, namba ya kufungulia hutumwa kwa msimamizi aliyesajiliwa. Tumerudi tena kwenye swali la barua pepe ni ya nani. Kwa LibreOffice hakuna cha kurudisha wala cha kuomba: faili la kuiwekea likiwa kwenye flashi, umemaliza kabla chai haijapoa.

Intaneti

Leseni ya mashine huhitaji intaneti siku ya kuamilisha, na baadaye inaweza kukaa gizani miaka. Leseni ya mtu kama Microsoft 365 inataka kuwasiliana na mtengenezaji wake takriban kila siku 30, la sivyo hubaki kusoma na kuchapa tu. Kwa duka la mjini hili halina uzito, kwa ofisi ya shamba la mkonge iliyo mbali na mnara wa simu linaweza kuwa na uzito. Leseni ya ofisi inategemea zaidi mtandao wa ndani kuliko wa nje: waya ukitoka au seva ikizimika, wote wanasimama. Programu huria haiulizi chochote.

Gharama

Bei hubadilika na dola nayo hubadilika, kwa hiyo nitaeleza njia ya kupiga hesabu badala ya kutaja shilingi. Chukua bei ya leseni ya mashine, izidishe kwa idadi ya kompyuta, kisha igawe kwa miaka utakayoitumia kwa usalama. Miaka hiyo si ya milele, hata kama muuzaji anasema “ya kudumu”. Office 2016 na Office 2019 ziliacha kupewa marekebisho ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, siku ile ile ya Windows 10. Ya Office 2021 ni tarehe 13 Oktoba 2026, na ya Office 2024 ni tarehe 9 Oktoba 2029. Programu haizimiki siku hiyo, lakini matundu yake hayazibwi tena. Anayenunua toleo lililobakiza mwaka mmoja kwa sababu ni la bei nafuu, agawe kwa mwaka mmoja, asigawe kwa mitano.

Leseni ya mtu unaizidisha kwa watu, na kwa miaka. Sisi wa Tanga tunasemwa kwamba ni mji wa waja leo waondoka leo. Leseni za namna hii ndizo zinazostahili hasa msemo huo, maana zinakuja siku unayolipa na kuondoka siku usiyolipa. Zina faida ya kutodai fedha nyingi mwanzoni na ya kukuletea toleo jipya kila mara, pamoja na nafasi ya kuhifadhi faili mtandaoni. Jambo dogo la kuangaliwa kabla ya kuanza ni kadi: malipo yanajirudia yenyewe, na kadi ya benki ambayo haikufunguliwa kwa malipo ya mtandaoni, au akaunti iliyokauka siku ya kukatwa, itakuletea ule utepe mwekundu katikati ya kazi.

Leseni ya ofisi ina bei kubwa ya kuingilia, na kwa baadhi ya bidhaa ina sharti la idadi. Utaratibu wa Microsoft wa kuamilisha Windows kwa kutumia seva ya taasisi, kwa mfano, haufanyi kazi mpaka kompyuta zifike 25. Ina hatari nyingine ambayo si ya fedha ya leo: mtengenezaji anaweza kuiondoa sokoni. Autodesk, wenye AutoCAD, programu ya michoro ya kihandisi, waliacha mwaka 2020 kuuza usajili mpya wa leseni za kugawana kwenye mtandao, wakawaelekeza wateja kwenye leseni ya mtu mmoja mmoja, na ofisi zilizozoea nafasi tatu kwa wachoraji kumi zililazimika kupiga hesabu upya.

LibreOffice hailipiwi, lakini nisingependa kumdanganya mtu kwamba haina gharama. Gharama yake ni muda, na steshenari ndiyo inayoionja vizuri. Mteja analeta wasifu wake kwenye flashi, ameuandika kwa Word kwa herufi za Calibri, kurasa mbili kamili. Ukiufungua kwenye LibreOffice isiyo na Calibri, mstari mmoja unasukumwa chini, na jina la mdhamini wa tatu linajikuta peke yake kwenye ukurasa wa tatu. Mteja anadhani umemharibia. Dawa ipo: herufi za Carlito zimeundwa kwa vipimo vile vile vya Calibri, na Caladea kwa vipimo vya Cambria, nazo pia ni huria, ukihakikisha zimo kwenye kompyuta, sehemu kubwa ya malalamiko hayo huisha. Majedwali ya Excel yenye makro nzito, yaani amri za kujiendesha zilizoandikwa ndani yake, ni kisa kingine, na hapo sitamshauri mtu ajipe moyo bure. Kuhusu lugha, hofu ya kwamba programu hizi ni za kigeni zaidi kuliko za kulipia haina msingi: mwaka 2004 mradi uliofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, toleo la Kiswahili la programu ambayo LibreOffice ilichipuka kutoka kwake mwaka 2010.

Ruhusa ya biashara na sheria

Microsoft 365 ya mtu mmoja na ile ya familia ni za matumizi ya nyumbani. Kwa ofisi kuna matoleo ya biashara, ambayo kila mtumiaji anaruhusiwa kompyuta 5, tableti 5 na simu 5, na kazi ya kipato imeruhusiwa waziwazi. Yale matumizi ya bure ya programu za kuingilia kompyuta kwa mbali, kama AnyDesk na TeamViewer, nayo ni ya binafsi. Ukiitumia kuhudumia matawi mawili ya duka lako umekwisha kutoka nje ya ruhusa. LibreOffice inaruhusu biashara bila masharti ya aina hiyo, na leseni za mashine na za ofisi hutegemea toleo, kwa hiyo soma jina zima la bidhaa, usiishie kwenye neno la kwanza.

Kwa Tanzania Bara programu za kompyuta zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na COSOTA ndiyo yenye kusimamia hakimiliki. Nalitaja hili kwa sababu ya aina ya tano, ambayo sikuiweka kwenye ulinganisho kwa kuwa si leseni: ile Office ya fundi inayowekwa kwenye mashine zote kwa malipo ya mara moja. Ikiwa yako inakuonya kila baada ya miezi sita kwamba muda umekwisha, na fundi anakuja “kuifufua”, basi kuna uwezekano mkubwa umewekewa programu inayoigiza ile seva ya taasisi niliyoitaja, maana uamilishaji wa njia hiyo hudumu siku 180. Ili programu hiyo ifanye kazi, fundi kwa kawaida huzima kwanza programu ya kuzuia virusi, na wengi husahau kuiwasha.

Kila moja inamfaa nani

Leseni ya mashine inamfaa mwenye mashine chache zinazotumiwa na watu wengi, zisizotoka mezani. Leseni ya mtu inamfaa mtu mmoja mwenye vifaa vingi anayehama navyo, na haimfai mwenye wafanyakazi wanaobadilika kila mwezi, labda awe na mtu wa kusimamia akaunti. Leseni ya ofisi inafaa pale ambapo watu kadhaa wanaandika kwenye daftari moja la hesabu, na pana mtu anayeijua seva. Programu huria inamfaa mwenye mashine nyingi na fedha chache, na yeyote ambaye hati zake anaziandika na kuzichapa mwenyewe kuliko kuzipokea zikiwa zimeandikwa kwingine.

Kulingana na hali yako

Ikiwa wewe ni mhasibu au mwandishi unayefanya kazi mwenyewe, una kompyuta ya mezani kazini na mpakato nyumbani, leseni ya mtu ya toleo la biashara ina mantiki. Isajili kwa barua pepe unayoijua neno lake la siri leo, bila kumpigia mtu simu.

Ikiwa una duka la jumla lenye makarani watatu wanaoingiza mauzo kwenye hesabu zile zile, usinunue leseni tatu za mtumiaji mmoja. Nunua moja ya mtandao wa ofisi, weka kompyuta inayoishikilia mbali na dirisha na uifungie betri ya akiba, kwa sababu hiyo ndiyo itakayowasimamisha wote.

Ikiwa wewe ni mwalimu mwenye chumba cha kompyuta 20 za msaada, anza na LibreOffice kwenye zote. Shule zinazotambuliwa na Microsoft zinaweza pia kuomba Office 365 A1, ambayo hutolewa bure kwa matumizi ya kwenye kivinjari, lakini ipime kwanza intaneti yako wanafunzi 20 wanapoingia kwa pamoja.

Ikiwa wewe ni msanifu wa mabango unayetegemea Adobe, kumbuka kikomo ni 2 na si kwa pamoja. Msaidizi wako anayechora ukiwa nawe unachora anahitaji leseni yake; anayepanga maandishi tu anaweza kuanza na Inkscape, programu huria ya kuchora.

Ikiwa unataka kununua kompyuta ya mtumba, iwashe dukani, iunganishe na intaneti ya simu yako, fungua sehemu ya mipangilio na uangalie kama Windows imeamilishwa, kisha uulize kama ubao mama umewahi kubadilishwa. Punguzo la bei lijadiliwe baada ya majibu hayo mawili.

Na ikiwa una steshenari, hali yako ni mchanganyiko, kama ilivyokuwa kwa yule mama. Office aliyoinunua tuliiacha kwenye kompyuta ya kwanza, iliyo karibu na kaunta, nayo ndiyo inayopokea flashi za wateja. Zile nyingine tatu za dukani pamoja na mpakato wake tuliziwekea LibreOffice na herufi za Carlito. Kwenye jalada la daftari la mauzo aliandika kwa kalamu nyekundu namba ya leseni, tarehe ya kununua, barua pepe iliyotumika na kompyuta iliyowekewa. Vijana wake wa zamu wanajua kwamba hati ya mteja ikionekana imehama mistari kwenye kompyuta ya tatu, hawabishani naye. Wanaipeleka kwenye ya kwanza.